TIKITI YA HISANI: Sheria ya Bahati Nasibu Yauliza Fedha Zimekwenda Wapi

Baiskeli mpya imesimamishwa mbele ya duka, na kando yake iko meza yenye vitabu vya tikiti. Tangazo lasema kwamba fedha zitakazopatikana zitajenga darasa la shule, na kwamba mwenye bahati ataondoka na baiskeli. Mama aliyekuja kununua sukari atoa shilingi zake, apewa kijikaratasi chenye nambari, akitie katika leso yake na kwenda zake. Hamjui aliyechapisha tikiti zile. Hajui zimechapishwa ngapi. Hajui kura itapigwa lini, wala nani atakuwapo itakapopigwa. Ametoa fedha zake kwa imani tupu.

Watu wengi wakiambiwa kwamba jambo hili lina sheria hushangaa, hata kukasirika. Husema, ubaya uko wapi? Mtu hutoa fedha kidogo. Akipata, amefurahi, na akikosa, ametoa sadaka. Lakini katika nchi nyingi sheria huanza kwa kuikataza bahati nasibu kabisa, kisha hufungua mlango mdogo kwa ajili ya hisani, na mlangoni pale huweka masharti. Nia yangu katika makala hii ni kueleza masharti hayo ni ya namna gani, na yalitoka wapi.

Wako wasomaji ambao dini yao hairuhusu mchezo huu hata ukiwa wa kujenga hospitali. Waislamu wamekatazwa, na makanisa kadhaa ya Kikristo hali kadhalika huwaonya watu wake. Wao hawana haja ya masharti, ila huenda wakapenda kujua kwamba hata serikali zisizoongozwa na dini ziliuogopa mchezo huu, na kwa sababu iliyo wazi.

Kwanza tujue jambo lenyewe. Katika sheria za Kiingereza, bahati nasibu hutambulika kwa mambo matatu yakikutana pamoja: mtu amelipa ili aingie, iko zawadi, na mwenye kupata huamuliwa kwa bahati wala si kwa ustadi. Ondoa moja, na bahati nasibu haipo tena. Fahali akitolewa kwa mtu yeyote aliyehudhuria mkutano, bila malipo, hiyo ni zawadi tu. Akitolewa kwa mkulima aliyeshinda mashindano ya kulima kwa plau, hayo ni mashindano ya ustadi. Lakini wako wajanja ambao huuza tikiti na kuandika juu yake swali jepesi, mathalani mji mkuu wa Uingereza ni upi, kisha hudai kwamba mchezo wao ni wa elimu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2005 imewaziba njia hiyo. Yasema kwamba ustadi unaotakiwa ni lazima uwe mgumu kiasi cha kuwazuia watu wengi wasishiriki au wasipate zawadi. Swali ambalo mtoto wa darasa la pili hulijibu halimzuii mtu yeyote.

Nimechagua mfano wa Uingereza kwa kuwa huko jambo hili limejaribiwa kwa muda mrefu sana, na kwa kuwa sheria iliyotungwa hapa Kenya mwaka 1966 ilifuata mtindo wa huko.

Historia yake ina visa vya kufunza. Mwaka 1698 Bunge la Uingereza lilitangaza kwamba bahati nasibu za watu binafsi ni kero kwa umma. Pamoja na hayo, Bunge lilijiachia ruhusa ya kufanya zake lenyewe. Mwaka 1753 alikufa tabibu mmoja mashuhuri, Sir Hans Sloane, aliyekuwa amekusanya vitabu, sarafu, mimea mikavu na vitu vya kale kwa maelfu. Aliacha usia kwamba taifa lipewe mkusanyo huo, ila warithi wake walipwe pauni 20,000. Serikali haikutaka kuzitoa katika hazina, basi Bunge likaagiza bahati nasibu. Tikiti 100,000 zilitolewa kwa pauni 3 kila moja, jumla pauni 300,000. Katika hizo pauni 200,000 zilikuwa za zawadi. Hivyo ndivyo British Museum ilivyoanzishwa, nyumba ya makumbusho ambayo leo watu wa dunia nzima huizuru London.

Wasimamizi wakuu walikuwa watu wa heshima isiyo na kifani: Askofu Mkuu wa Canterbury, Jaji Mkuu wa Baraza na Spika wa Bunge. Sheria yenyewe ilikuwa imekataza mtu mmoja kununua tikiti zaidi ya 20, ili wanunuzi wengi wapate nafasi. Lakini Peter Leheup, mmoja wa waliokabidhiwa kazi ya kupokea fedha na kutoa tikiti, alizitoa tikiti nyingi kwa walanguzi kwa kutumia majina ya uongo, nao wakaziuza kwa bei ya juu. Bunge likachunguza, akashtakiwa, na mwaka 1755 akatozwa faini ya pauni 1,000. Faida aliyokuwa ameipata ilizidi faini hiyo kwa mbali.

Tazama vizuri ulipotokea uovu. Haukutokea katika ndoo ya kura, wala si kwa Askofu Mkuu. Ulitokea kwenye meza ya karani mwenye vitabu vya tikiti. Mimi mwenyewe ni karani, na kisa hiki hakinishangazi hata kidogo: mlinzi huwekwa pale sanduku linapofunguliwa, lakini mara nyingi tundu liko mahali tikiti zinapohesabiwa.

Bahati nasibu za Serikali zilikoma Uingereza mwaka 1826, na kwa zaidi ya miaka 100 mlango ulibaki umefungwa, ijapokuwa watu waliendelea kucheza kwa siri na polisi mara nyingi wakafumba macho kama jambo ni la kanisa. Kisha likatokea jambo katika nchi jirani ya Ireland. Mwaka 1930 Bunge la huko liliruhusu bahati nasibu kubwa ya mashindano ya farasi kwa ajili ya hospitali, iliyojulikana kwa jina la Irish Hospitals' Sweepstake. Tikiti zake zilipenya Uingereza na Marekani kwa wingi wa ajabu, ingawa katika nchi hizo zilikuwa haramu. Picha za wauguzi waliovaa sare zilitumiwa kuutangaza mchezo, na watu waliponunua waliona wanawasaidia wagonjwa. Mchezo huo uliendelea hadi mwaka 1987. Ikaja kujulikana kwamba hospitali zilipata sehemu ndogo tu ya thamani ya tikiti zilizouzwa, nao waliouendesha walitajirika kupita kiasi.

Kwa sehemu, hofu ya tikiti hizo ndiyo iliyolifanya Bunge la London litunge sheria mpya mwaka 1934. Sheria hiyo iliharamisha bahati nasibu zote isipokuwa ndogo za namna mbili. Ya kwanza ni ile inayofanywa ndani ya tamasha, kama vile mnada wa vitu vya kanisa; zawadi isiwe fedha taslimu, na tikiti ziuzwe palepale wakati tamasha likiendelea. Ya pili ni ya faragha, baina ya wanachama wa chama kimoja au watu wanaofanya kazi au kuishi mahali pamoja. Mwaka 1956 ikaongezwa ya tatu: chama cha hisani au cha michezo kiliweza kujiandikisha kwa halmashauri ya mji wake na kuwauzia watu wote, mradi tikiti isizidi shilingi moja na jumla ya zilizouzwa isizidi pauni 750.

Sheria inayotumika sasa katika Uingereza, Wales na Scotland ilipitishwa mwaka 2005, ikaanza kutumika sawasawa Septemba 2007. Kiasi cha fedha kimeongezeka mno, lakini mpango wake bado ni ule ule. Nitaieleza milango yake, na nitakaa zaidi katika ule ambao kazi za vyama vingi hupita.

Mlango wa tamasha ni mwepesi kuliko yote. Chama cha wazazi kikifanya siku ya michezo, chaweza kuuza tikiti uwanjani bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Tikiti ziuzwe pale pale na wakati ule ule. Katika mapato hakiruhusiwi kutoa zaidi ya pauni 500 za kununulia zawadi, wala zaidi ya pauni 100 za gharama za kuiendesha bahati nasibu. Zawadi zilizotolewa bure na wahisani hazina kikomo. Mtu akianza kuuza tikiti hizo wiki moja kabla, kijijini au kwa jirani, ametoka nje ya mlango huu, hata kama hakula senti moja. Hapo ndipo watu wema wengi hukosea, kwa kuwa bidii ya kuuza mapema huonekana kuwa jambo la kusifiwa.

Bahati nasibu ya faragha nayo haihitaji leseni. Ni ya wanachama, au ya wafanyakazi wa jengo moja, na hairuhusiwi kutangazwa nje ya mahali hapo. Tangu mwaka 2016 zaweza kufanywa kwa ajili ya hisani pia.

Tukija kwa chama kinachotaka kuwauzia watu wote, hapa mambo yanakuwa ya ofisini. Chama chenyewe kiwe si cha kutafuta faida ya mtu: kiwe cha hisani, au cha michezo na utamaduni, au cha kazi nyingine isiyo ya biashara. Watu huuliza, je, chama chaweza kumsaidia mtu mmoja, kwa mfano mtoto mgonjwa anayehitaji kupasuliwa? Sheria imejibu kwa busara. Msaada kwa mtu mmoja hauhesabiwi kuwa faida ya mtu binafsi ikiwa umetolewa katika kazi za kawaida za chama chenye makusudi hayo. Lakini baba wa mtoto hawezi kuchapisha tikiti kwa jina lake mwenyewe na kuziuza mjini, ajapokuwa na shida ya kuliza mawe.

Chama hicho hujiandikisha kwa halmashauri ya mahali pake na kulipa pauni 40, na kila mwaka pauni 20. Mauzo ya kura moja yasizidi pauni 20,000, na ya mwaka mzima yasizidi pauni 250,000. Yakizidi, chama chahitaji leseni ya tume ya taifa iitwayo Gambling Commission, na leseni hiyo hakiwezi kuiacha mara moja: chahitaji kuwa nayo mwaka ule na mitatu inayofuata. Zawadi moja isizidi pauni 25,000. Asiuziwe tikiti mtoto aliye chini ya miaka 16.

Juu ya tikiti lazima pachapishwe jina la chama, bei, jina na anwani ya mtu anayehusika, na siku ya kura. Mama yetu wa leso angekuwa na tikiti ya namna hii, angekuwa na mlango wa kubisha. Tena bei ya kila tikiti iwe sawa na nyingine. Yule muuzaji anayesema, "Mama, chukua tano kwa bei ya nne," avunja sharti. Nilipolisoma sharti hili mara ya kwanza niliona ni la ukali usio na maana, lakini mwenye kuhesabu fedha ataliona upesi: bei zikitofautiana, hapana tena njia ya kujua, kwa kutazama vipande vilivyobaki kitabuni, ni fedha ngapi zilizopaswa kuwamo sandukuni. Tikiti 1,000 za pauni moja ni pauni 1,000. Zikiwa pungufu, yuko mtu wa kuulizwa.

Katika fedha hizo, angalau sehemu 20 kwa kila 100 lazima ziende kwenye kazi iliyotajwa. Kwa maoni yangu kiasi hicho ni kidogo, maana chama chaweza kukusanya pauni 1,000, kikatumia 800 kwa zawadi na gharama, kikajenga kwa 200, na kiwe hakijavunja sheria. Wanaokitetea kiwango hicho husema kwamba mchezo mpya huwa na gharama nyingi mwanzoni. Huenda ni kweli. Mnunuzi ana haki ya kuuliza kabla ya kufungua mkoba wake.

Lakini nguvu ya sheria hii haiko katika viwango. Iko katika karatasi moja. Kabla ya kwisha miezi mitatu tangu siku ya kura, chama hupeleka kwa halmashauri maelezo ya hesabu: siku ya kura, jumla ya mapato, kiasi kilichotolewa kwa zawadi, kiasi kilichotolewa kwa gharama, na kiasi kilichokwenda kwenye kazi ya hisani. Kama gharama nyingine zililipwa kwa fedha kutoka mahali pengine, yaandikwe hayo pia, na mahali zilikotoka. Karatasi hiyo hutiwa sahihi na wanachama wawili watu wazima, walioteuliwa na chama kwa maandishi. Sahihi ya mtu mmoja haitoshi, hata awe mwenyekiti na mweka hazina kwa pamoja. Halmashauri huihifadhi, na kwa miezi 18 mtu yeyote ana ruhusa ya kuja kuisoma.

Naomba msomaji alipime jambo hilo. Bunge halikumwamuru mweka hazina awe mwaminifu, kwa sababu amri hiyo haina kazi. Lilimwamuru aandike, atafute mwenzake wa kutia sahihi pamoja naye, na aache karatasi mahali ambapo jirani yake aweza kuisoma. Mwizi hutaabika sana kwa masharti hayo. Mtu mwaminifu naye hulindwa, maana katika vijiji vyetu mara ngapi mweka hazina ambaye hakuiba kitu amesengenywa hadi akahama kanisa, kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha watu?

Michezo mingine ya bahati, kama bingo, inayofanywa kwa usiku mmoja kwa ajili ya hisani, ina kanuni zake ndogo huko Uingereza. Katika mchezo wa nafasi sawa usio wa biashara, mchezaji mmoja asitozwe zaidi ya pauni 8 kwa siku, na zawadi zote kwa jumla zisizidi pauni 600. Makusudi ni kwamba mtu asipate nafasi ya kupoteza mshahara wake akisema anasaidia yatima.

Hapa Kenya, sheria ya kamari na bahati nasibu ya mwaka 1966, iliyokuwa Sura ya 131, ilitembea katika njia hiyo hiyo. Bahati nasibu ilikuwa haramu isipokuwa zile ambazo sheria yenyewe ilizitaja: ya ndani ya tamasha, ya faragha, na ya watu wote iliyopata kibali cha Halmashauri ya Leseni iliyokuwa Nairobi. Wazee watakumbuka tikiti za Kenya Charity Sweepstake zilizouzwa katika kila mji. Katiba ya mwaka 2010 iliigawa kazi hii, sehemu kwa serikali ya taifa na sehemu kwa serikali za kaunti. Kisha mwaka 2025 Bunge likapitisha sheria mpya, Gambling Control Act, iliyoifuta ile ya 1966 na kuunda Mamlaka mpya ya kusimamia kamari yote. Umri wa miaka 18 ndio mpaka, mtoto haruhusiwi.

Basi chama kinachotaka kuuza tikiti mwaka huu kisifungue kabati na kutoa kijitabu cha sheria ya zamani, wala kisiige fomu ambayo shule jirani ilitumia zamani. Katibu na aandike barua kwa Mamlaka, na aulize pia katika ofisi ya kaunti, kabla ya kwenda kwa mpiga chapa. Katika barua ataje jina la chama na nambari ya kuandikishwa kwake, kazi ambayo fedha zitafanya, idadi ya tikiti na bei yake, zawadi na aliyezitoa, na siku na mahali pa kura. Jibu likija, liwekwe katika faili pamoja na mihutasari ya mikutano.

Wakati wa kungoja jibu zipo kazi za kufanya ambazo hazihitaji ruhusa ya mtu. Tikiti zipewe nambari zinazofuatana, na kila muuzaji atie sahihi kwa vitabu alivyochukua. Visivyouzwa virudishwe na kuhesabiwa mbele ya kamati kabla ya kura, wala si baada yake, kwa kuwa kitabu kilichorudi baada ya kura chaweza kuwa na tikiti iliyoshinda. Kura ipigwe hadharani, ikiwezekana na mtu asiyenunua. Siku ya pili jina la mshindi na jumla ya fedha zibandikwe mlangoni pa lile duka ambapo baiskeli ilikuwa imesimama, kwa herufi ambazo mama wa sukari aweza kuzisoma.